Bwana Viungo

Kwa Kalista, mama muuza kahawa, hapakuwa na kibao wala mlango. Palikuwa na ubao mmoja wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe, chini ya upenu wa duka la ushirika lililofungwa tangu bidhaa zilipoadimika, na mbele yake jiko la mkaa lenye birika jeusi. Upepo wa Sumbawanga mwezi wa Julai hauna adabu. Unaingia kwenye koti kupitia mikononi na kutokea shingoni, kwa hiyo watu walikaa wamebanana, na aliyechelewa alikaa mwisho wa ubao, upande wa baridi. Kahawa ilinywewa chungu kwa sababu sukari ilikuwa haionekani. Mwaka ni ule wa themanini. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, vijana wamerudi, na pale kwenye ubao watu waliongea juu ya kila kitu isipokuwa jambo moja.

Karibu na jiko alikaa Isakwisa Mwaipopo, karani wa simu pale posta, mtu wa Tukuyu aliyeletwa huku kwa uhamisho na kusahauliwa huku huku. Kijiweni walikuwa wameacha siku nyingi kumwita kwa jina lake. Walimwita Makumbusho. Nyumbani alikuwa na rafu nzima ya sanamu na vitu vya kuchezea: ng'ombe wa udongo waliofinyangwa na watoto wa kijiji cha Mollo, baiskeli ya waya, gari la bati lililotengenezwa kwa kopo la mafuta ya taa, na mchungaji wa pango la Noeli aliyepoteza kichwa huko misheni. Hakuviuza, hakuvichezea, wala hakupenda viguswe. Alivipangusa kila Jumapili baada ya ibada, kisha akakaa kuvitazama. Rozina, mkewe, alikwisha zoea. Wageni walipouliza, alisema mume wake hanywi pombe, kwa hiyo na yeye lazima awe na kitu.

Basi mdogo wake Isakwisa, Andwele, alikuwa amepelekwa Japani kusomea injini za boti. Aliporudi alipangiwa Kabwe, ziwani, na njiani akalala kwa kaka yake siku moja. Alipoondoka aliacha mezani kasha la karatasi ngumu lenye maandishi ambayo hakuna mtu wa Ufipa nzima angeweza kuyasoma. Ndani yake, amelazwa kama mtu aliye kitandani, alikuwamo huyo ambaye habari yake ndiyo hii.

Isakwisa alimleta kijiweni siku ya tatu, amemfunga ndani ya kitambaa cha kupangusia miwani. Kwanza hakumtoa. Aliagiza kahawa, akainywa nusu, ndipo akafungua kitambaa na kumsimamisha kwenye ubao, kati ya kikombe chake na cha Wilibrodi. Yule mwanasesere akasimama mwenyewe. Hakuegemezwa na kitu, na upepo ulikuwa ukivuma.

Alikuwa na urefu wa shibiri moja na kidogo. Nywele zake zilikuwa za buluu, zimechongoka kama majani ya mkonge, na macho makubwa kuliko mdomo. Alivaa deraya, vazi la vita la mabamba, nyeupe yenye mistari myekundu, na upanga mkononi. Lakini hayo yote Isakwisa aliyapita haraka haraka, kama mtu anayeonyesha ukumbi ili afike chumbani. Alichotaka waone ni viungo. Akamkunja shingo, akamwinamisha, akamgeuza kulia. Akamwinua mkono, na wote wakaona jinsi bamba la begani lilivyojisogeza lenyewe kuupisha. Kiwiko kilikunjika. Kiganja kilizunguka. Kiuno kilipinda, na goti lilikuwa na mikunjo miwili, mmoja juu na mmoja chini, hata akaweza kupiga magoti kabisa na kisigino kikagusa paja. Nyayo zake zilikuwa za chuma, ndiyo maana hakuanguka.

– Sasa tazameni, alisema Isakwisa. Kiungo kikilegea sana, mtu anakuwa kitambaa. Kikikaza sana, anakuwa kijiti. Huyu ukimwambia kaa hivi, anakaa hivi mpaka utakaporudi.

Hakuficha kasoro zake. Kifundo cha mguu wa kushoto kililegea kuliko cha kulia, na nyuma ya shingo mshono wa plastiki ulionekana. Uso nao ulikuwa mmoja tu; hacheki wala hanuni. Lakini alisema katika vyote alivyowahi kukusanya, hiki ndicho cha kwanza kilichomfanya aone kwamba aliyekitengeneza alikwisha keti mahali fulani akawatazama watu kwa makini, jinsi wanavyoinuka, jinsi wanavyochoka.

Ubishi ulianza hapo hapo. Wilibrodi, katekista mstaafu wa Mollo ambaye kijiweni aliitwa Padri Mdogo, alisema huyo ni Malaika Mikaeli kama Wajapani wanavyomchora. Upanga ule na deraya ile si vya mtu mwingine. Polikarp, fundi cherehani, alichomoa utepe wake wa kupimia, akampima kifua na mguu, akatangaza kwamba ni kielelezo cha washonaji. Huko Japani, alisema, mteja haji dukani. Anatumwa huyu amekunjwa vile mteja anavyokaa, na fundi anashona suti kwa mkunjo wake. Flavian, dereva wa lori aliyeitwa Gia, aliwacheka wote wawili. Kwake huyo alikuwa askari wa chuma. Wajapani walikuwa na wengine kama huyo warefu kuliko mnara wa kanisa, na wamewaficha chini ya bahari. Huyu alikuwa mfano tu, wa kuonyeshwa wanunuzi kama vile kampuni za magari zinavyotoa karatasi yenye picha.

Isakwisa aliwaeleza alichoambiwa na Andwele: kwamba ni shujaa wa filamu za kuchorwa, watoto wa huko wanamtazama kila wiki ndani ya sanduku sebuleni, na kila wiki anapigana. Jina lake Andwele aliwahi kulisikia akalisahau. Maelezo hayo hayakumridhisha mtu. Wilibrodi alisema hata malaika wanachorwa. Mwishowe Polikarp, aliyekuwa bado amemshika kwenye goti akilikunja na kulikunjua, akamwita Bwana Viungo, na jina likabaki.

Kalista alikuwa akisikiliza yote hayo huku akimimina. Alikuwa mama wa makamo, mkimya, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyelima ulezi maisha yake yote kabla ya kuhamia mjini. Zamani pale kijiweni walikuwa wakimwita Mama Eustaki. Sasa walimwita Mama Kahawa. Hakuna aliyependekeza kubadilisha. Ilitokea yenyewe, mmoja baada ya mwingine, wakati vijana waliokwenda vitani na Eustaki walipoanza kurudi na yeye hakurudi.

Kwa siku kadhaa Isakwisa hakumruhusu mtu kumgusa Bwana Viungo isipokuwa aliyenawa. Polepole alilegeza masharti. Polikarp ndiye aliyeanzisha mchezo. Alimchukua, akampinda hivi na hivi, akamtoa kifua mbele na kumrudisha mabega nyuma, akamwinua kidole cha mkono wa kulia, kisha akamweka chini na kuuliza nani huyu. Wakamjua palepale: katibu kata siku ya mkutano. Walicheka hadi Kalista akageuza uso kuficha kicheko chake. Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na wake. Wilibrodi, pamoja na uzee wake, alimkalisha juu ya kiberiti na kumwinamisha mbele, akawa sista wa misheni kwenye baiskeli akipanda mlima. Polikarp alimtwika kichwani kastabani yake, kile kikofia cha kidole cha kushonea, akampa mwendo wa wanawake wanaotoka kisimani, mkono mmoja juu na mwingine ukipunga. Watu waliokuwa wakipita sokoni walisimama kutazama. Isakwisa alikaa pembeni akiwa na furaha ambayo hakujua aielezeje. Rafu yake nzima nyumbani haikuwahi kumpa kicheko hata kimoja.

Siku moja ilikuwa zamu ya Flavian. Hakuwa na mtu kichwani. Alikuwa akizungumza habari za barabara ya Mpanda huku vidole vyake vikifanya kazi bila yeye kuvitazama, kama afanyavyo mtu anayezungusha kizibo. Alipomaliza hadithi yake alimweka Bwana Viungo kwenye ubao. Mguu mmoja ulikuwa umelegezwa. Kichwa kiliinamia bega la kulia. Mkono wa kulia ulikuwa umepelekwa nyuma, kiganja kimeshika kisogo, kiwiko kimeinuka juu, kama mtu anayefikiria jibu la swali ambalo hana haraka nalo.

Hakuna aliyeuliza nani huyu. Polikarp alitazama barabarani. Wilibrodi alishika rozari mfukoni. Flavian ndiye wa mwisho kuona alichokifanya, na alipokiona alinyoosha mkono amwangushe, lakini Kalista alikwisha simama nyuma yake na birika.

– Mkono umeukosea, alisema. Alikuwa anaweka wa kushoto.

Akaweka birika chini. Akapangusa vidole kwenye kanga, akamchukua Bwana Viungo kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumchukua, kwa kumshika chini ya makwapa. Akaushusha mkono wa kulia. Akaupandisha wa kushoto, akauzungusha begani taratibu mpaka bamba likasogea, akakipeleka kiganja kisogoni. Akakiinua kiwiko zaidi. Kisha akamrudisha kwenye ubao na kumtazama.

– Tangu mdogo, alisema. Hata nikimgombeza alisimama hivyo hivyo. Mimi nagombeza, yeye kashika kisogo.

Isakwisa alisema baadaye kwamba kwa muda ule hakuwaza habari ya sanamu yake hata kidogo. Alikuwa akimwona Eustaki, yule kijana mrefu aliyekuwa akimletea mama yake mkaa, amesimama pale pale palipo na jiko. Na alikuwa akiona haya. Zaidi ya mwaka walikuwa wamekunywa kahawa ya mwanamke huyu wakijipongeza kwa kutomuumiza, kumbe walikuwa wamemwacha peke yake.

Ni Wilibrodi aliyeuliza. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea kanisani, kama aliwahi kuletewa habari yoyote.

– Hakuna, alisema Kalista. Waliorudi nikiwauliza wanasema walitengana naye ng'ambo ya mto. Nikaacha kuuliza. Nikasema ninyi mnasafiri, mko posta, mko kanisani. Mkijua mtaniambia. Mliponyamaza nikaona basi mmejua.

– Hatujui chochote, mama, alisema Flavian. Sisi tulikuwa tunaogopa kukuuliza.

Wakatazamana. Hata kahawa ya siku ile ilipoa.

Kesho yake Isakwisa alianza kazi. Kwa mashine ya posta na kwa ruhusa ya bosi wake aliulizia kwenye hospitali za Bukoba, Mwanza na Tabora, zilizopokea majeruhi wa mgambo. Majibu yalirudi moja moja: hakuna mgonjwa wa jina hilo. Kalista aliyapokea kwa kutikisa kichwa, akaendelea kumimina. Lakini Flavian, ambaye tangu siku ile alikuwa hana raha, alisema jina ni kitu kidogo. Alikwisha wahi kuona majeruhi. Mtu akilala kwa homa wiki kadhaa anaweza kuandikwa jina la jirani yake; mwingine hataki tu kutajwa. Yeye alikuwa akipeleka mahindi Tabora mwisho wa wiki. Angepita wodini mwenyewe na kutazama nyuso.

– Utamjua? aliuliza Polikarp. Ulimwona mara ngapi?

Flavian alikiri hakuwa na hakika. Watu hukonda, hufuga ndevu. Akauliza kama kuna picha. Kalista alisema picha ilikuwa moja tu, ilibandikwa kwenye kitambulisho cha mgambo, na kitambulisho kiliondoka na mwenyewe.

Ndipo Flavian akamgeukia Isakwisa. Alimtazama Bwana Viungo, ambaye tangu siku ile hakuna aliyethubutu kumshusha mkono.

– Makumbusho, alisema, nipe huyu.

Isakwisa alimvuta Bwana Viungo karibu na kikombe chake. Aliijua barabara ile. Alilijua lori lile, viti vyake na makufuli yake, na alimjua Flavian, mtu mwema aliyewahi kusahau mlango wa gari Namanyere. Alisema atafikiri. Hata yeye mwenyewe aliposikia sauti yake hakuipenda. Kalista aliinama kwenye jiko, akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa, na hakumtazama.

Nyumbani alimweka Bwana Viungo kwenye rafu, mahali pake, na kukaa kitini kama alivyozoea siku za Jumapili. Alimweleza Rozina yote. Alimweleza pia sababu zake, na alikuwa nazo nyingi: kitu kama kile hakipatikani tena, Andwele hatarudi Japani, na kwenda wodini na sanamu ni kuchekwa tu. Rozina alikuwa akichagua mchele. Alimwacha amalize.

– Sawa, alisema. Usipompa, utamweka upande gani wa rafu ambao hutamwona?

Isakwisa alimfunga kwa pamba, akamvika soksi ya sufu, akamrudisha ndani ya kasha lake. Upanga aliuacha nyumbani. Kabla ya lori kuondoka alimwonyesha Flavian namna ya kuupandisha mkono bila kulazimisha bega, akarudia tena na tena, mpaka Flavian akasema hata gari hakufundishwa hivyo. Kalista alileta kifurushi cha unga wa ulezi. Hakusema ni wa nani.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Ubao ulikuwa na nafasi na hakuna aliyebanana. Polikarp alijaribu kuanzisha ubishi juu ya bei ya nyuzi, ukafa. Wilibrodi alileta habari kwamba Wajapani wana viwanda ambamo watu hawaruhusiwi kupiga chafya, akaiacha katikati. Isakwisa aligundua kwamba alikuwa akitazama barabara ya Mpanda mara nyingi kama Kalista, na kwamba hakujua tena anamngoja nani kati ya Eustaki na Bwana Viungo.

Lori lilirudi mchana wa jua kali. Flavian alishuka, akaja moja kwa moja kwenye ubao akiwa bado na vumbi la safari kwenye kope, na akakataa kahawa. Alimkalisha Kalista kwanza. Halafu akasimulia.

Wodi ya kwanza walimcheka. Mtu mzima, mwenye mafuta ya gari mikononi, anapita kitanda hadi kitanda na sanamu ya nywele za buluu akiuliza kama wanamjua mtu anayesimama hivi. Wagonjwa wengine walidhani anauza. Mganga mmoja alimwamuru atoke. Alikuwa ameshafika mlangoni wakati muuguzi mmoja, Hilaria jina lake, alipomwita arudi. Muuguzi alimchukua Bwana Viungo, akamweka juu ya meza ya dawa, akarudi nyuma hatua chache. Akainamisha kichwa chake vilevile.

– Huyu ni Petro, alisema. Petro wa dirishani.

Alimpeleka Flavian nyuma, kwenye veranda, mahali wanapokaa waliokwisha pona vidonda lakini hawana pa kwenda. Palikuwa na mtu amesimama dirishani, amewapa mgongo, magongo yake yameegemezwa ukutani na bega lake nalo limeegemea ukuta. Mkono wa kushoto ulikuwa kisogoni.

Kalista alikuwa ameshikilia kanga yake kwa mikono yote miwili.

– Sikumwita jina, aliendelea Flavian. Nilimweka tu Bwana Viungo pale dirishani, mbele yake. Akamtazama. Akatazama sana. Akaniuliza nani kamsimamisha huyu. Nikamwambia mama yako. Nikamwambia sisi tuliweka mkono wa kulia, yeye ndiye aliyesahihisha.

– Akasema nini? aliuliza Wilibrodi.

– Aliushika ule mkono wa sanamu akaushusha, polepole, kama anamsaidia mtu kuvua koti. Ndipo akalia.

Kisha Flavian aliwaeleza mengine, akitazama chini. Mguu wa kulia haukuwapo, kuanzia juu ya goti. Ni bomu la kutegwa, ng'ambo ya mto. Jina la Petro alijipa mwenyewe. Alikuwa amewaza kwamba mama yake ana jembe na ana jiko, na hawezi kuongezewa mtu wa kubebwa. Aliona ni afadhali mama amhesabu kuwa amekufa akazoea.

Kalista alisikiliza mpaka mwisho. Watu walidhani atapiga ukunga, na Polikarp alikwisha inuka nusu ili amshike. Lakini aliuliza kitu kimoja tu.

– Anakula?

– Anakula, mama. Unga ule aliupika uji siku ileile.

– Basi, alisema Kalista. Akasimama, akaenda nyuma ya duka, na huko walimsikia akilia kwa muda mrefu, kilio cha mtu anayetua mzigo. Hakuna aliyemfuata. Wilibrodi aliondoa birika motoni lisiungue.

Isakwisa alipofungua kasha aliona safari imekuwa na gharama yake. Ncha moja ya nywele za buluu ilikuwa imekatika, na lile bega la kushoto, lililopandishwa na kushushwa na mikono mingi, lilikuwa limelegea. Mkono ulipoinuliwa ulibaki juu kidogo tu, kisha ukashuka wenyewe. Flavian alianza kuomba radhi. Isakwisa alimwambia akae anywe kahawa. Alimgeuza Bwana Viungo mkononi, akalichezesha bega lile legevu huku na huku, na alipomsimulia Rozina baadaye alisema ni ajabu, lakini sasa ndipo alipoona ni kizuri hasa. Vingine vyote kwenye rafu vilikuwa vimetengenezwa. Huyu alikuwa pia ametumika.

Eustaki alikuja na safari iliyofuata ya lori, mwezi wa Septemba, upepo ukiwa umepungua na watu wakichoma majani mashambani kungoja mvua. Flavian alimshusha mbele ya duka. Kalista hakukimbia. Alimwendea kwa mwendo wake wa kawaida, akamshika uso kwa mikono ile mikubwa, akamwambia amekonda, akamwongoza mpaka kwenye ubao upande wa jiko. Isakwisa alikwisha hama kabla hajaambiwa. Kijana aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, akaweka magongo yake chini ya ubao, akapokea kikombe. Kwa muda kila mtu alizungumza juu ya barabara.

Isakwisa alitaka kumpa Bwana Viungo. Alikuwa amelifikiria jambo hilo kwa wiki kadhaa, na lilikuwa limemwia zito, lakini alikwisha amua. Alimtoa kwenye kitambaa, akamnyooshea Kalista na kusema huyu sasa ni wa nyumba yao.

Kalista alimsukumia nyuma, kwa upole.

– Kaa naye, baba. Mimi nilimhitaji wakati sina wangu.

Basi Isakwisa akamsimamisha kwenye ubao, mikono chini, mahali pake pa zamani kati ya vikombe. Polikarp alirudia kumweleza Eustaki nadharia ya washonaji, naye Wilibrodi akaleta ya malaika, na Flavian akaongeza kwamba wale wakubwa walioko chini ya bahari sasa wamewekewa taa. Kijana alicheka, mara ya kwanza. Akamgeukia Isakwisa amweleze ya kweli, na Isakwisa akamweleza ya filamu za kuchorwa, na watoto, na sanduku la sebuleni, na jinsi shujaa huyo anavyopigana kila wiki.

Eustaki alimchukua Bwana Viungo. Alikunja goti la kulia, lile lenye mikunjo miwili, akalikunjua. Alifanya hivyo mara kadhaa, akikitazama kiungo kwa mshangao ule ule waliokuwa nao wote siku ya kwanza. Kisha akamrudisha kwenye ubao.

– Na vita vyake, aliuliza, viliisha?

Isakwisa, aliyejua kila mshono na kila kifundo cha sanamu ile, hilo hakulijua. Andwele hakumwambia, wala yeye hakuwahi kufikiria kuuliza. Polikarp alimtazama Wilibrodi. Wilibrodi alitazama ndani ya kikombe chake. Upande wa sokoni mtu alikuwa akimwita mbuzi wake. Eustaki alingoja kwa adabu, kama kijana anavyongoja mbele ya wazee, na mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu kwenda kisogoni. Mama yake aliuona. Akainamisha birika juu ya kikombe cha mwanawe, na kahawa iliyobaki ikakijaza nusu tu.